Majirani wakorofi wageuza likizo ya kambini kuwa karaha Marekani

KILA msimu wa kiangazi unapowadia nchini Marekani, familia nyingi hufungasha virago na kuingia barabarani zikiwa na nyumba zao mgongoni mithili ya konokono. Nyumba zenyewe ni magari makubwa yenye vitanda, jiko, choo na bafu. Mengine hujiendesha kama basi, mengine hukokotwa nyuma ya pikapu. Wamarekani huyaita kwa herufi mbili tu, RV. Hapa yataitwa magari-makazi.

Safarini hakuna matata makubwa. Kizungumkuti huanza jioni gari linapoegeshwa kambini, na mwenyewe akatambua kwamba kutoka dirisha la chumba chake cha kulala hadi kwenye meza ya mtu asiyemjua hata kwa jina ni hatua chache tu. Mtu huyo ana jenereta. Ana mbwa wawili, spika kubwa, na marafiki watakaowasili saa tatu usiku.

Ugomvi wa aina hii hautofautiani sana na ule wa vyumba vya kupanga katika mitaa ya Nairobi au Mombasa, ila kwa jambo moja linalobadilisha kila kitu. Mtaani, mtu hujizuia kwa kuwa anajua kesho atahitaji chumvi ya jirani, au atakutana naye bombani, kanisani ama msikitini. Kambini hakuna kesho ya aina hiyo. Kila mmoja amelipia nafasi yake, kila mmoja ataondoka baada ya siku mbili au tatu, na hakuna mzee wa mtaa anayewajua wote wawili.

Kwa sababu hiyo, adabu ambayo kwingineko hulindwa na haya, kambini imelazimika kulindwa na kanuni zilizoandikwa. Anayezijua kanuni hizo hulala. Asiyezijua hukesha akinung’unika, au hutoka nje kwa hasira na kuhatarisha maisha yake.

MIZIZI YA MSONGAMANO

Msongamano wenyewe una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Miaka ya 1920, raia wa kawaida walipoanza kumiliki magari kwa wingi, waliingia katika misitu na mbuga za serikali na kuegesha popote palipowapendeza chini ya miti. Aliyekerwa na mwenzake alihamisha hema lake mbele kidogo, na mambo yakaisha.

Mtaalamu wa magonjwa ya mimea, Emilio Meinecke, aliyechunguza miti mirefu ya redwood katika jimbo la California, alibaini kuwa magurudumu na nyayo za wageni zilikuwa zikiigandamiza ardhi na kudhuru mizizi. Mapema katika miaka ya 1930 alitoa pendekezo ambalo lilibadilisha sura ya kambi nchini humo. Pawe na barabara ya mzunguko inayopitika kuelekea upande mmoja, na kando yake vijia vifupi vya kuegesha, kimoja kwa kila familia. Mawe au magogo yawekwe ili gari lisivuke mpaka, na meza pamoja na mahali pa kuwashia moto viwe papo hapo.

Muundo huo ungali unatumika katika kambi nyingi za serikali. Uliiokoa miti, lakini uliwafunga binadamu mahali pamoja. Tangu hapo mwenye kambi akawa na nambari ya nafasi, na mwenye nambari akawa na jirani asiyeweza kumkwepa.

Vijia hivyo vilipimwa kwa magari ya enzi zile. Gari-makazi kubwa la leo hufikia urefu wa futi 40, yaani zaidi ya mita 12. Isitoshe, tangu miaka ya 1990 mengi yameundwa na kuta zinazosukumwa nje kwa mota ili kupanua sebule na chumba cha kulala. Kuta hizo zikifunguliwa, zile hatua chache zilizokuwa zimebaki kati ya gari na gari humezwa.

Idadi nayo imepanda. Mengi ya magari haya huundwa katika eneo la Elkhart, jimbo la Indiana. Mnamo 2021, watu walipokuwa wakikwepa ndege na hoteli kwa hofu ya ugonjwa wa Covid-19, viwanda vilipeleka sokoni zaidi ya magari 600,000, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa. Kufikia 2023 idadi hiyo ilikuwa imeteremka hadi takriban 313,000, lakini yale yaliyokwisha kununuliwa hayakutoweka. Yamo barabarani. Mbuga na maeneo ya taifa nayo yalipokea ziara zaidi ya milioni 331 mwaka wa 2024, rekodi mpya.

Nafasi katika kambi nyingi zinazosimamiwa na serikali kuu huwekwa kwenye mtandao miezi kadhaa kabla ya safari. Za Yosemite katika msimu wa kiangazi hunyakuliwa ndani ya dakika chache. Ndiposa ushauri wa kwamba anayekerwa ahamie kwingine huwa hauna maana. Hakuna kwingine.

Kuna kero nyingine inayotokana na namna magari yenyewe yanavyoundwa, nayo huwashangaza wageni. Marekani huendesha upande wa kulia wa barabara, hivyo mlango wa gari-makazi huwekwa upande wa kulia, uliko ukingo wa barabara. Mabomba ya maji, waya wa umeme na mpira wa maji taka huwa upande wa kushoto. Magari yakipangwa sambamba yakielekea upande mmoja, mlango wa mmoja hutazamana na mpira wa choo wa mwenzake. Familia inapoandaa chakula nje ya mlango wake, kilicho mbele ya macho yake ni bomba la jirani. Jirani akiwa mzembe wa kufunga mfuniko, hakuna haja ya kueleza zaidi.

KELELE NA KIPIMO CHAKE

Malalamiko yanayosikika zaidi ni ya kelele, na hapa sheria imesema waziwazi. Kanuni za serikali kuu zinazosimamia mbuga za taifa zinaharamisha kelele zisizo za kiasi katika maeneo ya kambi kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kipimo cha “kiasi” ni mwenendo wa mtu mwenye busara akiwa mahali hapo na katika hali hiyo. Kwa hivyo si lazima muziki uwe wa kutikisa mlima. Mazungumzo ya sauti ya juu kando ya moto saa sita usiku, huku watoto wa jirani wakiwa wamelala umbali wa hatua kumi, yanaweza kutosha.

Kwa mitambo, zikiwemo jenereta, imewekwa nambari. Mtambo usizidi desibeli 60 ukipimwa kutoka umbali wa futi 50, yaani kama mita 15. Desibeli 60 ni takriban sauti ya watu wawili wakizungumza kawaida, na kwa kusoma tu mtu angeona kuwa mpangilio huo ni wa haki.

Hila imo katika umbali. Sauti inayosafiri mahali pa wazi hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, na huongezeka kwa kiasi hicho hicho umbali unapopungua kwa nusu. Jenereta inayotoa desibeli 60 kwa mita 15 itatoa 66 kwa mita saba na nusu, na 72 kwa chini kidogo ya mita nne. Ongezeko la desibeli 10 husikika sikioni kama kelele imekuwa maradufu. Katika kambi iliyosongamana, jirani hayuko mita 15. Kwa hivyo mwenye jenereta anaweza kuwa ameitii sheria kikamilifu na bado akamnyima mwenzake usingizi wa mchana, mazungumzo na hata raha ya kusikia ndege wakiimba.

Ikilinganishwa na kanuni za Kenya za kudhibiti kelele za mwaka wa 2009, hiyo ya Marekani ni legevu ajabu. Kanuni za Kenya zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kiwango cha juu katika maeneo ya makazi wakati huo ni desibeli 35. Kwamba kiwango hicho huheshimiwa na wenye baa na mahubiri ya usiku ni suala jingine.

Hata hivyo, anayelalamika Marekani hana haja ya kung’ang’ania nambari. Kanuni ile ile inasema kuwa hata kelele isiyofikia kiwango hicho inaweza kuwa kosa ikiwa si ya kiasi kwa kuzingatia mahali, wakati na nia ya anayeipiga. Kifungu hiki ndicho chenye nguvu, kwani hakidai mtambo wa kupimia. Aidha, mbuga nyingi huweka saa za jenereta. Huko Yosemite, kwa mfano, huruhusiwa kati ya saa moja asubuhi na saa moja jioni pekee, tena kwa uchache. Mwenye kuiwasha saa mbili usiku amevunja kanuni, iwe inanguruma au inanong’ona.

Mbwa nao wametajwa. Ndani ya mbuga za taifa mnyama wa kufugwa sharti afungwe kamba isiyozidi futi sita, na kumwacha abweke kupita kiasi ni kosa la mwenyewe. Wengi hawajui hili. Huwaacha mbwa wao wamefungiwa garini kutwa nzima wakienda kupanda milima, na anayeteseka kwa kilio cha mnyama huyo ni jirani aliyeamua kupumzika. Kwa kuwa mwenye mbwa hayupo, yeye huapa kwa dhati jioni kwamba mbwa wake habweki kamwe.

Adhabu ya kukiuka kanuni za mbuga si mzaha. Mkosaji anaweza kufungwa hadi miezi sita au kutozwa faini ya hadi dola 5,000, au yote mawili, ingawa makosa ya kelele kwa kawaida huishia kwa onyo au faini ndogo.

MOSHI USIOONEKANA

Kuna ukorofi unaokera na kuna unaoua. Jenereta hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Bomba lake la moshi likielekezwa kwenye dirisha au tundu la hewa la jirani, watu wanaweza kufa usingizini bila kujua kilichowasibu. Katika nafasi finyu, mwenye jenereta anayejitahidi kuiweka mbali na kitanda chake mwenyewe huishia kuisogeza karibu na kitanda cha mwingine.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu usioelezeka, na mara nyingi watu hudhani ni mafua au uchovu wa safari. Kila gari-makazi linapaswa kuwa na king’ora cha kunasa hewa hiyo, nacho kijaribiwe kabla ya kila safari. Kikilia, walio ndani watoke mara moja, wahesabiane, na waite huduma ya dharura. Huu si wakati wa kustahi. Mlango wa jirani ubishwe hata kama ni saa tisa usiku, kwani naye huenda anavuta sumu hiyo hiyo.

Hatari ya pili hutembea kwa miguu minne. Katika mbuga zenye dubu, uchafu wa jirani mmoja ni hatari kwa kambi nzima. Dubu hunusa chakula kutoka mbali, na akishaonja vya binadamu mara moja hurudi. Huvunja milango ya magari, huingia mahemani, na hatimaye walinzi wa mbuga hulazimika kumuua. Yosemite imeweka makabati ya chuma katika kambi zake, na wageni huonywa kuwa anayeacha chakula nje anaweza kutozwa hadi dola 5,000. Katika mbuga ya Yellowstone, kambi ya Fishing Bridge haipokei mahema wala magari yenye kuta za turubai, kwa sababu dubu ni wengi eneo hilo.

Mtu anayeripoti sanduku la nyama lililoachwa mezani na jirani si mmbea. Tofauti na kelele, jambo hili halingoji asubuhi.

KUBISHA AU KUTOBISHA

Kwa kero za kawaida, lililo bora hufanyika kabla ya kero kuanza. Salamu ya saa ya kwanza, gari linapoegeshwa, hufanya kazi kubwa kuliko karipio la saa sita usiku. Mtu aliyeulizwa ametoka wapi, akaonyeshwa bomba lilipo na kusaidiwa kurudi nyuma bila kugonga mti, huona vigumu baadaye kumkosesha usingizi aliyemsaidia. Wazoefu wa kambi hulijua hili na hulifanya kwa makusudi. Si ukarimu mtupu, bali ni bima.

Kero ikishatokea, wakati una uzito kuliko maneno. Anayeongea na jirani mchana, kwa sauti ya chini, mbali na masikio ya wageni wa jirani huyo, humpa nafasi ya kubadilika bila kuaibika. Anayemwendea usiku mbele ya marafiki zake waliokwisha kunywa bia kadhaa humlazimisha kujionyesha shujaa. Ombi nalo lafaa liwe dogo na la kutimizika. Kumwambia mtu kuwa ana kelele ni kumhukumu. Kumwomba ageuze spika ielekee upande wa pili, au azime taa ya nje inayomulika kitandani kwa watoto, ni kumpa kazi ya sekunde kumi.

Taa, kwa hakika, zimekuwa chanzo kipya cha uhasama. Magari mengi sasa yana mikanda ya taa za LED za rangi chini ya turubai la mlangoni, na wenyewe huziacha ziwake hadi alfajiri kwa kuwa hazili umeme mwingi. Aliyesafiri kilomita elfu moja ili watoto wake waone nyota huziona taa za zambarau.

Usiku ukiingia na jirani akawa amelewa, ana hasira au amekwisha kukataa mara moja, asibishiwe mlango tena. Wamarekani wengi humiliki bunduki, na tangu Februari 22, 2010, sheria huruhusu kuwa nazo ndani ya mbuga za taifa iwapo mwenyewe anaruhusiwa kuzimiliki chini ya sheria za jimbo husika. Mtu aliye ndani ya gari-makazi yumo nyumbani mwake. Kishindo mlangoni usiku wa manane kinaweza kueleweka vibaya, na kosa hilo halirekebishiki.

Hapo ndipo anapohitajika mtu wa tatu. Kambi nyingi za serikali huwa na mwenyeji wa kambi, mara nyingi mume na mke waliostaafu ambao hukaa hapo msimu mzima bila kulipia nafasi na badala yake hujitolea kufanya kazi. Husafisha, huelekeza wageni na huwakumbusha watu saa za utulivu. Ni vyema kuelewa mipaka yao. Mwenyeji wa kambi si polisi. Hawezi kumtoza mtu faini wala kumkamata, naye ana haki ya kuogopa kama mwingine yeyote. Anachoweza kufanya ni kumkumbusha mkosaji na, akipuuzwa, kumwita askari wa mbuga ambaye ana mamlaka hayo.

Kwa hivyo mlalamishi amsaidie. Ataje nambari ya nafasi ya mkosaji, saa kelele zilipoanza, na kama aliwahi kuzungumza naye. Maelezo ya namna hiyo humwezesha askari kuchukua hatua. Malalamiko ya jumla kwamba “watu wale hawana adabu” hayamsaidii mtu. Na kwa kuwa simu hazishiki mtandao katika mbuga nyingi, nambari ya dharura na mahali ilipo ofisi ya askari vitafutwe mchana, si wakati moto umekwisha kuwaka.

KAMBI ZA WATU BINAFSI

Si kambi zote ni za serikali. Kampuni ya KOA, iliyoanzia kando ya mto Yellowstone mjini Billings, Montana, mwaka wa 1962, wakati wasafiri walipokuwa wakipita kuelekea maonyesho ya kimataifa ya Seattle, ina zaidi ya kambi 500 Marekani na Canada. Zipo pia maelfu nyingine zinazomilikiwa na familia au kampuni ndogo.

Huko hakuna askari wa mbuga. Kinachotawala ni mkataba uliotiwa sahihi wakati wa kuingia, ambao wengi hawausomi, pamoja na sheria ya jimbo. Faida yake ni kwamba meneja ana uwezo wa haraka kuliko wa serikali. Katika jimbo la Florida, sheria inamruhusu mwendeshaji wa kambi kumwondoa mgeni wa muda anayevuruga amani ya wengine. Akishamwarifu kuwa hatakiwi tena na aondoke mara moja, kuendelea kukaa ni kosa la jinai na polisi wanaweza kuitwa. Ikiwa mgeni huyo alikuwa amelipa mapema, hurudishiwa pesa za siku ambazo hajazitumia. Kipengele hicho kimewekwa kwa hekima, kwani humwondolea mkorofi sababu ya kubishana mlangoni.

Upungufu ni kwamba meneja ana biashara ya kulinda. Jirani mwenye magari matatu na marafiki walioagiza nafasi sita kwa wiki nzima ni mteja mkubwa kuliko mjane aliyekuja peke yake kwa siku mbili. Mlalamishi asipofua dafu kwa mdomo, aandike, aweke nakala, na aombe kuhamishwa asubuhi inayofuata wageni wengine wakiondoka. Mara nyingi hilo hukubaliwa upesi kuliko ombi la kumfukuza mtu.

Mambo hubadilika kabisa kwa wale ambao kambi si likizo bali ndiyo makao. Kitabu cha mwanahabari Jessica Bruder, Nomadland, kilichochapishwa mwaka wa 2017, na filamu iliyotokana nacho ambayo ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka wa 2021, vilifahamisha ulimwengu kuhusu Wamarekani wazee waliopoteza nyumba na wanaoishi barabarani wakitafuta vibarua vya msimu. Wapo pia wafanyakazi wa ujenzi, wauguzi wa mikataba mifupi na familia ambazo kodi ya nyumba imewashinda.

Kwa watu hawa, kumshtaki jirani ni hesabu yenye hatari. Sheria ya California huwagawa wakaaji wa kambi za magari kwa muda waliokaa. Kuna aliyekaa hadi siku 30, kuna aliyezidi siku hizo, na kuna aliyefikisha miezi tisa. Huyo wa mwisho ana ulinzi kwani hawezi kuondolewa bila sababu kutajwa. Wa kati anaweza kupewa notisi ya siku 30 bila kuelezwa chochote. Mtu aliye katika mwezi wake wa nne, mwenye watoto wanaosoma shule ya karibu, atafikiria mara mbili kabla ya kwenda ofisini kwa mara ya tatu kulalamikia mbwa wa jirani. Akionekana msumbufu, notisi inaweza kuwa yake badala ya kuwa ya mwenye mbwa. Wengi huamua kunyamaza na kununua vizibo vya masikio. Kwa walio katika hali hiyo, njia yenye usalama zaidi ni kutafuta majirani wengine wanaokerwa na kwenda pamoja, kwani ni vigumu kuwafukuza watu watano kwa kosa la kutaka kulala.

NAFASI YA JANGWANI

Kuna mahali ambapo tatizo hili limepata tiba ya aina nyingine. Karibu na mji mdogo wa Quartzsite katika jangwa la Arizona, serikali kuu imetenga ardhi ambako magari-makazi huruhusiwa kukaa kwa kibali kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Wastaafu kutoka majimbo yenye theluji humiminika huko kwa maelfu kuota jua. Hakuna mabomba mlangoni, hakuna waya wa umeme, na sehemu kubwa haina nambari wala mistari.

Kanuni ni chache. Kati ya gari na gari pawe na angalau futi 15, kwa ajili ya kuzuia moto usienee, na saa za utulivu ni zile zile, saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wenyeji wa msimu wana mazoea yao pia, ambayo hayajaandikwa popote. Mgeni anayefika katika uwanda mtupu na kuegesha karibu na mwenzake bila kualikwa hutazamwa kwa jicho baya hata kama amepima hizo futi 15 kwa kamba.

Akianza pia kuwasha jenereta mapambazuko, mara nyingi hashtakiwi kwa yeyote. Jirani yake hukunja viti, huvuta ngazi ndani, huwasha injini na kusogea nusu kilomita, kama walivyofanya wenye magari wa kwanza katika misitu ya redwood.